Umechokozwa laivu kwenye mjadala wa wanawake na wanaume: unyamaze, uulize, utoe data, umtolee uvivu au uondoke?

Nianze na langu. Nilialikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, mada ilikuwa wanawake kwenye uongozi, tuko wanne mezani ukimtoa mtangazaji, na dakika kama ya ishirini hivi mzee mmoja aliyekaa kushoto kwangu akavuta maiki akasema taratibu kabisa, "Binti yangu, mwanamke akishashika pesa na cheo adabu inamtoka, hilo hata wewe unalijua." Mi nikawaka. Sikumbuki hata nilianzia wapi, nakumbuka tu hedifoni zilianza kunibana, sauti yangu nikawa naisikia inapanda masikioni kama ya mtu mwingine, nikaropoka vitu vitatu kwa mpigo na hakuna hata kimoja nilichokimaliza. Yeye akasubiri mpaka nikaishiwa pumzi, akasema, "Si mnaona wenyewe?" Basi. Klipu iliyozunguka siku ile ilikuwa ya mimi napiga kelele, ile sentensi yake iliyoniwasha haimo, ilikatwa.

Tangu hapo nimekaa kwenye meza za namna hiyo mara nyingi, na nimekuwa mtu wa kuangalia mijadala ya zamani na ya juzijuzi, naisimamisha, narudisha nyuma, naangalia nani alitulia, alitulia kwa staili gani, na ilimsaidia au ilimmaliza. Maana watu wanakwambia tu "tulia" kana kwamba kutulia ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja hata kidogo. Kuna kutulia kwa kunyamaza, kuna kwa kuuliza, kuna kwa kushika takwimu, kuna kwa kumpa mtu makavu huku unatabasamu, kuna hata hasira ambayo imetulia, na kuna kunyanyuka ukaondoka. Kila moja ina mahali pake na ukichukua isiyo ya mahali pale itakuumbua. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa watu wengi, kwenye vipindi vingi, swali linashinda zingine zote. Lakini sio kila swali, nitafika huko.

Na hili sio la wanawake peke yao. Mwanaume akisema hewani kwamba mke wake anamzidi mshahara na nyumba haijaanguka, ataambiwa amekaliwa, na ile aibu anayomwagiwa pale inamuwasha vilevile, tena wengine inawawasha zaidi kwa sababu hawajazoea kuchokozwa kwa jinsia yao.

Kwanza mwili

Ukichokozwa moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi ya juu juu, mdomo unakauka, sauti inapanda bila kukuomba ruhusa. Hiyo haizuiliki. Unachoweza kuchagua ni utaifanyaje, na hapo kuna njia mbili ambazo kwa nje zinafanana kabisa lakini kwa ndani ni mbingu na ardhi. Ya kwanza ni kujikaza, yaani unaifunga sura isionyeshe kitu. Ya pili ni kulitazama lile jambo kwa jicho lingine kabla halijakufika kooni. Mwanasaikolojia James Gross wa Stanford alizilinganisha hizi mbili kwenye jaribio alilolichapisha 1998, akakuta wanaojikaza kweli sura zinatulia lakini mwili kwa ndani unazidi kuhangaika, wakati waliolitazama kwa jicho lingine hata ile hisia yenyewe ilipungua. Halafu mwaka 2000 yeye na Jane Richards wakaonyesha jambo ambalo mi naliona ndo kubwa kwetu: anayejikaza anakumbuka vibaya zaidi yale yaliyopita mbele yake.

Lifikirie hilo ukiwa studio. Umejikaza, sura ipo kama sanamu, mtangazaji anakugeukia anakwambia "haya, mjibu", na wewe nusu ya alichosema mwenzako hukuisikia. Ndo maana watu wanaojikaza sana wanajibu kitu ambacho hakikusemwa.

Kulitazama kwa jicho lingine mi nafanya hivi: akianza tu, najiambia kimoyomoyo "simjibu huyu, namjibu yule anayesikiliza akiwa anapiga pasi." Sentensi hiyo moja. Kuna mtu huko nyumbani, labda msichana wa miaka kumi na sita, labda baba yake, hajaamua bado, na yeye ndo ananihusu. Nikishamfikiria huyo, maneno ya mwenzangu wa mezani yanakuwa ni kitu cha kumfafanulia yule, hayanipigi mimi tena kifuani. Halafu natoa pumzi ndefu kuliko niliyoivuta, mara mbili, mdomo nikiuweka mbali na maiki ili isisikike. Kutoa pumzi polepole kunapunguza kasi ya moyo, hilo mwili wenyewe umeumbwa hivyo.

Kunyamaza ukilinganisha na kuuliza

Kunyamaza kwenye runinga kunaweza kuwa kuzuri sana. Kamera inakuona, unamwangalia usoni, hupepesi macho, sekunde mbili tatu, na lile neno lake linabaki linaning'inia pale peke yake mpaka na yeye analisikia. Nimeona watu wakijirekebisha wenyewe kwa sababu tu hakuna aliyewapokea. Ila kwenye redio kimya ni kifo. Msikilizaji anadhani laini imekatika au umeshindwa, mtangazaji anaogopa ukimya kuliko kitu chochote kwa hiyo atajaza, na atajaza kwa kumpa mwenzako nafasi tena. Kuna jingine pia, mwanamke akinyamaza mbele ya maneno kama yale wengi wanahesabu amekubali. Kwa hiyo kunyamaza nakuweka kama kitu cha sekunde chache kabla ya jambo lingine, sio jibu lenyewe.

Swali linafanya kazi tatu kwa mara moja. Linakupa nafasi ya kupumua maana sasa anaongea yeye. Linamhamishia mzigo wa kueleza, ambao kwa haki ni wake. Na linaonyesha wasikilizaji kwamba ile kauli ya zamani mara nyingi ni sentensi moja tu, ya pili haipo. Mtu amesema "mwanamke kaumbwa kusaidia sio kuongoza" kwa sababu alisikia hivyo na mezani kwao hakuna aliyewahi kumuuliza, ukimuuliza "kusaidia kufanya nini hasa, na nani aliyemsaidia mwenzie akiugua?" anaanza kutafuta.

Yule mzee wangu nilikuja kukutana naye tena, stesheni nyingine, mwaka uliofuata. Na alirudia, nadhani ni kauli anayoipenda. Safari hii nikamwambia, "Mzee wangu, nakuheshimu, naomba nikuulize. Na mwanaume akishashika pesa na cheo, yeye inamtoka nini?" Akacheka kidogo. Akasema hilo ni swali. Halafu akaanza kueleza kwamba wapo wanaume wanaoharibikiwa pia lakini kwa mwanamke inaonekana zaidi, nikamuuliza "inaonekana zaidi na nani?" na hapo ndo mazungumzo yakaanza kweli, tulienda dakika nne tano, hakubadilika na mimi sikubadilika, lakini klipu iliyotoka ilikuwa na sentensi yake ndani, na swali, na yeye anavyohangaika kulijibu. Wala sikuwa nimepandisha sauti. Na kumbuka nilimwita mzee wangu, sio kwa kumdharau, ni mtu mzima na haki yake ya heshima anayo hata akikosea, halafu ukimvunjia heshima mtu mzima hewani wasikilizaji nusu wanahamia kwake hata kama hoja ni yako.

Sasa swali baya. Januari 2018 Cathy Newman, wakati huo mtangazaji wa runinga ya Channel 4 ya Uingereza, alimhoji Jordan Peterson, yule mwanasaikolojia wa Canada, kuhusu pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake na mambo mengine ya jinsia. Ni kama nusu saa, na mahojiano yale yametazamwa na watu mamilioni. Newman ni mwandishi mzoefu sana, lakini karibu kila Peterson akimaliza kujibu yeye alianza na "kwa hiyo unasema kwamba..." halafu anaweka kitu kikali kuliko kilichosemwa. Peterson anajibu kwa utulivu, hapana, sijasema hivyo. Tena na tena. Baadaye kuna sehemu Newman anakwama kabisa, anatafuta neno halipo, na Peterson anamwambia amemnasa. Uwe unakubaliana na Peterson au la, na mi kuna mengi sikubaliani naye, aliyeonekana ametulia na kusikilizwa vibaya alikuwa yeye, na watu wengi waliondoka pale wakiwa upande wake. Baada ya hapo Newman alimwagiwa matusi na vitisho mpaka Channel 4 wakaita wataalamu wa usalama, jambo ambalo ni la kulaaniwa bila nukta.

Kwa hiyo tofauti iko hapa: swali zuri linamwomba aeleze maneno yake mwenyewe, swali baya linambadilishia maneno. "Ukisema adabu unamaanisha nini?" ni zuri. "Kwa hiyo unataka wanawake wote warudi jikoni?" ni baya, hata kama moyoni unajua ndo anachotaka. Akishasema "sijasema hivyo" mara moja tu na ni kweli hakusema, umeshampa ushindi wa bure.

Data

Takwimu zinatuliza kwa namna yake, zinakupa kitu cha kushika mkononi. Mfano wa kufaa ni Megyn Kelly, mwaka 2013 akiwa mtangazaji wa runinga ya Fox News ya Marekani. Taasisi ya utafiti ya Pew ilikuwa imetoka kutangaza kwamba Marekani, kwenye kaya zenye watoto wa chini ya miaka 18, asilimia 40 mama ndo mleta kipato pekee au mkubwa, wakati 1960 ilikuwa asilimia 11. Wanaume kwenye stesheni dada, Fox Business, wakalichukulia kama msiba, na mchambuzi Erick Erickson akasema ukiangalia sayansi, kwa viumbe dume ndo lenye kutawala. Siku chache baadaye Kelly akamweka Erickson na Lou Dobbs, mtangazaji wa kipindi kile cha Fox Business, kwenye kipindi chake yeye. Akamuuliza Erickson ni nini kinachomfanya yeye awe mtawala na yeye Kelly awe mtiifu, na nani alimteua kuwa mkuu wa wanasayansi, halafu ndo akaleta tafiti kuhusu watoto wa akina mama wanaofanya kazi. Angalia mpangilio: swali kwanza, data baadaye. Hiyo ndo dozi.

Ukianza na data inageuka kuwa vita ya nani ana karatasi nyingi, na msikilizaji aliye kwenye daladala hakumbuki namba tatu. Atakumbuka moja. Ibebe moja tu, iseme mara mbili, na uwe na uhakika nayo kiasi kwamba ukiulizwa ni ya mwaka gani na ni ya nani unajibu papo hapo. Ukikosea namba moja hewani mjadala wote unahamia kwenye kosa lako. Na kuna mada ambazo data haziingii kabisa, mtu akisema "mimi mke wangu haendi popote bila ruhusa" huwezi kumjibu na asilimia, pale ni swali tena, au hadithi.

Kumpa makavu

Hii wote tunaitamani, ile sentensi moja inayomnyamazisha mtu na studio nzima inalipuka. Ipo. Machi 1970 kwenye kipindi cha Dick Cavett, Marekani, Hugh Hefner mwenye jarida la picha za utupu la Playboy alikaa na Susan Brownmiller na Sally Kempton, wanaharakati wa haki za wanawake. Wahudumu wa kike kwenye klabu za Hefner walivalishwa mavazi ya sungura, masikio juu na mkia wa pamba nyuma. Mazungumzo yakaenda, Hefner na kiko chake, na Brownmiller akasema siku Hefner atakapokuwa tayari kutokea pale na mkia wa pamba kwenye makalio yake... hakumaliza vizuri hata, ukumbi ulishalipuka. Miaka zaidi ya hamsini na bado ndo sehemu inayokumbukwa.

Kwanini ilifanya kazi? Kwa sababu haikuwa tusi. Alichukua kitu cha Hefner mwenyewe, anachowavalisha wengine, akamvalisha yeye kwa maneno, na kila mtu akaona papo hapo kwamba hakimfai binadamu. Hoja nzima ilikuwa ndani ya picha ile. Sasa linganisha na makavu ya kawaida tunayoyasikia, "wewe mwenyewe mke alikukimbia", "rudi shule", hayo hayana hoja ndani, ni jiwe tu. Yanashangiliwa dakika moja na mtu aliyekuwa katikati anakukimbia.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, ukitoa kicheko hoja inabaki? Kama haibaki meza mate unyamaze. Na kama wewe sio mtu wa utani kwenye maisha ya kawaida usijaribu laivu, utani uliokaririwa unasikika, tena unasikika vibaya.

Kuna ndugu yake makavu ambaye mi namwamini zaidi, ile sentensi kavu isiyo na utani wala ukali. Oktoba 2020 kwenye mdahalo wa wagombea wenza Marekani, Mike Pence alipomkatiza Kamala Harris, yeye akageuka, akatabasamu kidogo akasema, "Mheshimiwa makamu wa rais, naongea." Akaendelea palepale alipoishia. Hiyo tu. Ifanyie mazoezi nyumbani, "kaka, naomba nimalizie", "mzee wangu, bado naongea", kwa sauti ya chini kuliko uliyokuwa unaongelea, sio ya juu. Kukatizwa kalima kwenye mijadala hii kupo na sio hisia zako, wanasosholojia Don Zimmerman na Candace West walirekodi mazungumzo ya kawaida ya wanaume na wanawake wakachapisha 1975, na karibu mara zote aliyekatiza alikuwa mwanaume. Sampuli yao ilikuwa ndogo lakini aliyewahi kukaa mezani anaijua hiyo hali.

Hasira: ya Friedan na ya Gillard

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nimechoka na ushauri wa kwamba hasira ni mbaya. Mtu anakwambia hewani kwamba mwanamke aliyepigwa lazima kuna alichofanya, na wewe usikasirike? Ukasirike. Swali ni hasira yako imeshika nini mkononi.

Mwaka 1973 Betty Friedan, moja ya sauti kubwa za harakati za wanawake Marekani, alikuwa kwenye mdahalo Illinois na Phyllis Schlafly, aliyekuwa anaongoza kampeni ya kupinga marekebisho ya katiba ya usawa wa jinsia. Schlafly alikuwa na staili yake, anatabasamu, ameketi vizuri, anaongea kama anasoma barua, na inawapandisha wapinzani wake mori kuliko kelele. Friedan akashindwa kuvumilia, akamwambia angependa kumchoma moto hadharani. Schlafly akashukuru! Akasema amefurahi limesemwa, maana linaonyesha watetezi wa marekebisho yale ni watu wa namna gani. Friedan alikuwa na hoja za kujaza vitabu, na siku ile hakuna aliyeondoka na hoja, waliondoka na moto. Nikiisoma ile napata donge kooni kwa sababu najiona mimi na hedifoni zangu.

Sasa weka pembeni yake Julia Gillard, waziri mkuu wa Australia, tarehe 9 Oktoba 2012, bungeni, mbele ya Tony Abbott kiongozi wa upinzani. Alikuwa na hasira, usidanganyike, sauti inasikika, kidole kinaenda. Alisema hatafundishwa na mwanaume huyu kuhusu ubaguzi wa kijinsia. Lakini kwenye zile dakika kama kumi na tano alizozungumza alikuwa anasoma maneno ya Abbott mwenyewe, alisema nini, wakati gani, moja baada ya jingine. Hasira ilikuwa inabeba ushahidi, haikuwa inabeba laana. Ndo maana ilizunguka dunia nzima, na kamusi ya Macquarie ya kulekule Australia ikaja kupanua maana ya neno la chuki dhidi ya wanawake baada ya hotuba ile.

Ila usiige tu. Gillard alikuwa bungeni, kuna spika, amepewa muda wake. Wewe kwenye kipindi una sekunde arobaini na mtu anakuongelea juu. Na kuna jambo lisilo la haki ambalo lazima ulijue: Victoria Brescoll na Eric Uhlmann walichapisha 2008 utafiti ulioonyesha mwanamke akionyesha hasira kazini anashushwa hadhi machoni pa watu, mwanaume akionyesha ileile hashushwi hivyo, na hasira ya mwanamke watu wanaihesabu ni tabia yake, ya mwanaume wanaihesabu amesababishiwa. Kwenye utafiti huohuo, mwanamke akitaja sababu ya nje iliyomkasirisha, ile adhabu inapungua. Kwa hiyo ukikasirika sema kwa mdomo wako kwanini. "Nimekasirika kwa sababu umesema aliyepigwa alijitakia, na kuna mtu anatusikiliza sasa hivi ana alama mwilini." Sentensi yenye sababu ndani. Mwanaume anayesoma hii, hasira yako wewe inakubalika zaidi, sasa itumie kwa faida ya aliye pembeni yako, sema wewe "mwacheni amalizie".

Kuondoka au kubaki

Oktoba 2010 Whoopi Goldberg na Joy Behar walinyanyuka wakaondoka kwenye kipindi cha runinga Marekani wanachokiendesha wenyewe, The View, wakimwacha mgeni wao, mtangazaji Bill O'Reilly, amekaa. Mada haikuwa ya jinsia, ilikuwa ya dini, lakini funzo la kiti kitupu ni lilelile: mtangazaji mwenzao Barbara Walters aliyebaki akawaambia watazamaji kwamba walichokiona ndo kisichotakiwa kutokea, na wawili wale wakarudi O'Reilly alipoomba radhi kwa namna yake. Kuondoka kunavutia macho lakini kipaza kinabaki kwa aliyekaa, na anachosema hakuna wa kumjibu.

Kubaki kunaweza kuonekana hivi. Machi 2019 Gayle King wa runinga ya CBS, Marekani, anamhoji mwanamuziki R. Kelly kuhusu tuhuma za kunyanyasa wanawake na wasichana, Kelly anasimama, anapiga kelele, analia, anajipiga kifua akiwa amemsimamia King juu kabisa, na King ameketi. Mikono imetulia. Anamwita tu kwa jina lake la kwanza, "Robert." Anasubiri. Wakampumzisha, mahojiano yakaendelea. Ile picha ya mwanaume amesimama anafoka na mwanamke ameketi hajatikisika ilisema mengi kuliko swali lolote.

Mi ningeondoka kwenye mambo mawili tu. Mtu akinitishia, au akimtaja kwa jina mtu asiyekuwepo aliyefanyiwa ukatili na mtangazaji akaacha iendelee. Na nikiondoka nasema sababu kwa sentensi moja kwenye maiki kabla sijaivua, bila hivyo wataeleza wao.

Sasa uchukue ipi

Kama mtangazaji ni mzuri na anagawa muda kwa haki, nenda na swali halafu namba yako moja. Kama mtangazaji mwenyewe ndo mchochezi, na wapo wengi, kazi yake ni kuwagombanisha mpate kelele, basi usimjibu mwenzako peke yake, mgeukie mtangazaji umuulize "na wewe unaonaje?", maana amezoea kuwasha na kukaa pembeni. Ukiwa redioni sahau kunyamaza na sahau kutumia uso, kila kitu kiko kwenye sauti, shusha. Ukiwa kwenye runinga kumbuka kamera inakuchukua hata wakati huongei, ukizungusha macho au ukiguna ndo itakayokatwa iwe klipu. Ukiwa kwenye paneli ya watu wanne na wewe ni mwanamke pekee usijaribu kujibu kila kauli, chagua moja mbaya kuliko zote, zingine zipotezee. Akipiga simu msikilizaji na kutoa kauli hizo, kuwa mpole kuliko ulivyo kwa wa mezani, yeye hakujiandaa na mara nyingi anauliza kweli.

Na kama unajijua unawaka haraka kama mimi, usitegemee kichwa. Mi nina kikaratasi naweka chini ya glasi ya maji, kina maswali matatu nimeyaandika kwa herufi kubwa: "Unamaanisha nini?" "Na mwanaume je?" "Nani anaumia ikiwa hivyo?" Nikihisi hedifoni zinabana nanyanyua glasi, nakunywa, nasoma la kwanza. Yale maji yenyewe yanakupa sekunde tatu na hakuna anayekushangaa kunywa maji.

Kabla hujatoka studio omba rekodi nzima ya kipindi, iombe palepale kwa fundi mitambo, wengi wanakupa bila shida ukiwaomba kwa ustaarabu, kesho yake inakuwa ngumu. Klipu ikitoka imekatwa wewe unaweka kipande kilekile na dakika moja iliyotangulia. Komenti usizisome usiku ule.